Kodi za Wimbo wa Mwalimu Oswald

Tangu nilipowakabidhi ninyi vijana funguo za studio, simu yangu haipoi. "Mama Skola, shikamoo, ile ngurumo imerudi tena kwenye rekodi." Marahaba wanangu, na ngurumo haijawahi kuondoka, ninyi ndio hamkuwa mnaisikiliza. Nimeona niyaandike haya kwa mkupuo mmoja ili nipate kupalilia ulezi wangu kwa amani. Nani alipanda cheo lini na nani alilipwa nini, sitagusa. Studio yenye watu watatu haina vyeo, ina zamu za kuchemsha chai.

Niliingia kazini miaka ile soko lilipofunguliwa na kila mwenye nauli ya kufika Tunduma akageuka mfanyabiashara. Maduka ya Sumbawanga yaliyozoea kuuza sabuni na viberiti yakajaa redio kaseti zenye taa za kuchezacheza. Mzee Desderi, ambaye ninyi mmemkuta kwenye picha tu, alikuwa fundi redio. Alikuwa na chumba nyuma ya mashine ya kusaga, amebandika trei za mayai na mablanketi ukutani, na huko ndiko alikorekodi kwaya. Mimi nilikwenda kuomba kazi ya kuuza kaseti mbele, maana nilikuwa na mdomo, na mdomo unauza.

Siku ya kwanza hakuniuliza shule niliyosoma. Alinivika hedifoni, akabonyeza, akaniambia, "Sikiliza, halafu uniambie umesikia nini."

Nikasikiliza wee. "Sijasikia kitu, mzee. Kanda haina kitu."

"Rudia."

Nikarudia mpaka masikio yakawasha. Mara nikasikia mlio wa chini kabisa, kama mtu ananung'unika na shuka mdomoni. Nikamwambia kuna mtu ananung'unika humu. Mzee Desderi akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ni umeme," akasema. "Anaimba mchana kutwa na hakuna anayempigia makofi. Sasa umeanza kazi." Basi sikuuza kaseti hata moja.

Nilirekodi kila kitu kwenye chumba kile. Kwaya ya Mwazye ilikuja juu ya lori la mahindi, vumbi limewajaa kooni, na mpaka leo ukisikiliza vizuri, ubeti wa pili una kikohozi kilichokaa kwenye mapigo barabara. Nilirekodi harusi, ngonjera, tangazo la dawa ya mafua ya kuku. Baridi ya kwetu mnaijua: waimbaji walikuwa wanaimba na makoti, vifungo vinagonga maikrofoni, nami nawavua makoti mmoja mmoja kama mama anayewaogesha watoto. Wanakasirika, wanatetemeka, lakini wanaimba.

Halafu kompyuta ikaja. Mzee Desderi aliifuata mwenyewe Dar es Salaam, akarudi nayo kwenye basi ameifunga blanketi, ameipakata safari nzima. Majirani walidhani amerudi na mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na programu ya kurekodi, na ndani ya programu hiyo mkachomekwa viprogramu vidogo vidogo vinavyoitwa plagini. Ninyi mnazo nyingi hata hamzijui majina, mnazibofya kama watu wanaotafuna karanga. Sisi tulikuwa na chache, na kila moja tuliiheshimu.

Mojawapo ilikuwa ya kutambua kodi. Nyimbo zina kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja ili ziubebe wimbo. Unaiwekea plagini ile wimbo, nayo inakuandikia kwenye kidirisha: hapa C, hapa F, hapa A ndogo, yaani A ya huzuni. Ajabu kubwa! Siku ya kwanza tuliacha maikrofoni wazi, ikataja kila kilichopita. Mashine ya kusaga ilikuwa B. Jogoo wa jirani aliwika kwa E ndogo, naye hajawahi kuingia darasani. Mama mmoja muuza dagaa alichungulia, akaona mashine inataja sauti yake kabla hajamaliza kusalimia, akadhani ni uchawi, akasema, "Ee Mungu wangu, na hapa ni Sumbawanga!" Akaondoka kinyumenyume, wala hakupita tena mtaa ule.

Mzee Desderi kwa furaha akaenda kwa mchora mabango. Bango likapachikwa juu ya mlango, herufi nyekundu zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara: TUNAREKODI. PIA TUNATAMBUA KODI ZOTE.

Nikamwambia, "Mzee, bango hili litatuletea watu."

Akasema, "Si ndicho tunachotaka?"

Wakaja. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la vitambaa, ameshika karatasi za halmashauri, anataka tumtambulie kama kodi aliyokadiriwa ni ya haki. Wa pili alikuja kutukana, akidhani sisi ni watoza ushuru. Mzee Desderi akawa anatoka nje kueleza tofauti ya kodi na kodi, na kila akieleza watu wanazidi kumwonea huruma. Ndipo akaja Shija.

Shija alikuwa kijana wa Kisukuma. Familia yao ilishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakapata ardhi upande wa Mollo, wanalima na kufuga. Mrefu, mpole, kofia mkononi. Asubuhi moja alisimama mlangoni, na nyuma yake amesimama mtamba mwekundu mwenye kamba shingoni.

"Shikamoo mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Nimeleta kodi."

"Marahaba. Kodi gani tena, baba?"

"Kodi ya Mwalimu Oswald wa Pito. Nimeona mmeandika hapo mnazitambua. Basi itambueni hii, mniandikie, ili kesho asije akasema hakuletewa."

Mimi nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa kuchekwa. Nikamkalisha. Mtamba akaingiza kichwa ndani akaanza kutafuna blanketi la ukutani, na tukazungumza hivyo hivyo.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Shija alimpenda Gaudensia, binti wa Mwalimu Oswald, na Gaudensia alimpenda zaidi. Mwalimu alikuwa mkuu wa kwaya ya Pito, mgane, mtu wa tai na suruali yenye mstari, anayetunga nyimbo za sauti nne kwa nota alizofundishwa na mapadre. Binti yake alikuwa ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Kumpa mfugaji aliyekuja juzi, asiyejua hata kuimba sauti ya pili, hakutaka. Lakini Mfipa wa namna yake hamtamkii mshenga neno "hapana", ni kukosa adabu. Anakupa kazi isiyowezekana, kisha anakukaribisha togwa. Parokia ilikuwa imepata kinanda cha umeme na hapakuwa na wa kukipiga, na vijana walikuwa wanahamia kwaya za mjini zenye magitaa. Kwa hiyo Mwalimu akamwambia mshenga, "Kijana aniletee kodi za wimbo wangu wa shukrani, aje azipige mwenyewe kanisani sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Akiweza, tutazungumza. Asipoweza, tusisumbuane tena."

Mshenga alikuwa mjomba wake Shija, mzee wa ng'ombe. Alisikia "kodi", akaelewa. Hayo mengine ya wimbo aliyachukulia kuwa ni madoido ya watu waliosoma. Akarudi Mollo akasema, "Mwalimu anataka kodi." Wakakaa kikao cha ukoo, wakashangaa kidogo kwamba Wafipa nao mahari wanaiita kodi, kisha wakamchagua mtamba mzuri.

Shija aliponitajia na yale madoido ya wimbo, nikaelewa, nikamweleza maana yenyewe. Akamtazama mtamba wake. "Kwa hiyo hataki ng'ombe."

"Hataki. Anataka muziki."

"Ng'ombe ningepata," akasema, na machozi yakamlengalenga. Jamani, niliumia. Mtu mzima wa kimo kile, amemswaga mtamba toka Mollo na matumaini yake yote, halafu anaambiwa amekosea neno. Nikamwambia, "Mrudishe mtamba, kisha uje na kanda ya wimbo huo. Kodi za namna hiyo ndizo tunazozitambua kweli." Mzee Desderi akaguna nyuma yangu, lakini alikuwa tayari anapangusa vumbi kinanda chetu cha studio.

Kesho yake Shija alirudi na Gaudensia, mkononi ana kanda ya kwaya ya baba yake aliyoichukua sebuleni. Msichana mcheshi, wa mjini mjini. "Mambo, dada Skola? Mzee asijue, atanichinja." Kanda ilikuwa moja tu, ya zamani, iliyorekodiwa kanisani kwa redio kaseti. Tukaitia kwenye kompyuta, tukaiwasha plagini.

Sasa vijana, hapa ndipo mnaponipigia simu kila siku, kwa hiyo someni taratibu. Plagini haidanganyi, lakini inasema kila inachosikia, kama mtoto mbele ya wageni. Mle ndani kila kodi ilikuwa na G. F ina G, A ndogo ina G, hata kwaya ilipokuwa inavuta pumzi, G ipo. Shija akasema huyu G ni mtu gani asiyepumzika? Ni yule yule ninayewaambia: umeme. Ngurumo yake iko jirani kabisa na sauti ya G, na kutoka kwenye waya wa umeme wa redio kaseti tuliyochezea kanda ilikuwa inaingia moja kwa moja. Nikachomoa waya, nikaweka betri mpya kwenye redio, tukaiingiza kanda upya. G akaenda zake.

Hatukupona. Kidirisha kikaanza kuyumba: C, mara C ya juu kidogo, mara kinaandika majina yenye mikia ambayo hata Mzee Desderi aliyasoma kwa kuvua miwani. Na kwaya yenyewe ilikuwa inaimba mbio, besi zina sauti za wavulana, kama wamefukuzwa na nyuki. Mzee Desderi akacheka. "Betri za kuanika," akasema. Mnakumbuka, au hamkumbuki, nyie mlizaliwa juzi: betri zikichoka tulikuwa tunazianika juani juu ya bati zipate uhai kidogo. Siku ya kurekodi waliweka betri za kuanika. Kanda ikawa inajikokota wakati wa kurekodi, na ukiicheza kwa nguvu kamili, kila mtu anapandishwa sauti.

Dawa yake ni kuirudisha kasi. Lakini uirudishe mpaka wapi? Hilo ndilo swali gumu, na plagini haina jibu, maana yenyewe haikuwepo kanisani. Tafuta kwanza kitu kimoja unachokijua kwa hakika. Nikamuuliza Gaudensia, "Baba anatoaje sauti kabla hawajaanza?"

"Ana kafilimbi," akasema. "Kanakaa mfuko wa koti la kanisani. Alipewa na padre. Hakuna anayekagusa."

"Basi wewe kaguse."

"Dada Skola! Unataka nizikwe?"

Lakini kesho yake kafilimbi kalikuja, kamefungwa kwenye leso, na mwenye leso anatetemeka kuliko siku ya kipaimara. Tukasubiri mashine ya kusaga ipumzike, nikapuliza kwenye maikrofoni. Kidirisha: C. Safi, haina mkia. Tukarudi mwanzo wa kanda, na kweli, kabla ya kwaya kuanza, kafilimbi kale kale kanalia, ila juu kidogo. Nikashusha kasi polepole mpaka kidirisha kikatulia kwenye C. Besi wakawa wanaume tena. Gaudensia akapiga kigelegele, Shija akamtazama, mimi nikatazama ukuta. Kafilimbi kakarudi mfukoni kabla ya misa ya kwanza.

Kodi zikatoka safi zote. C, F, G, A ndogo, zinarudiarudia. Zote isipokuwa moja, kwenye mstari wa mwisho, pale kwaya inapotua. Pale palitakiwa C ya kawaida. Plagini ikaandika C yenye kiambishi, ile tunayoiita C ya kuning'inia: mahali pa Mi, ile ya do-re-mi, pamekaa Fa, na wimbo unabaki mguu mmoja hewani. Nikairudia mara kadhaa. Ile ile. Nikamwambia Shija, "Hapa plagini imetambua sauti iliyopotea njia. Piga C ya kawaida."

Akaniuliza, "Imekosea kusikia?"

"Hapana. Imesikia vizuri. Aliyeimba ndiye kakosea."

"Basi mimi nitapiga kilichoimbwa," akasema. "Mwalimu alisema kodi za wimbo wake. Mimi nani nimbadilishie?" Mkaidi! Nikamwacha, nikijua nitambana baadaye.

Kumfundisha ndiyo ilikuwa kazi. Vidole vyake vilikuwa vya kukamulia. Akigusa kitufe kimoja vinaitika vitatu. Herufi hazikumkaa kichwani hata kidogo. Mimi hasira zangu mnazijua, siku moja nikatoka nje nikazunguka nyumba ndipo nirudi. Nikamkuta anapiga peke yake, mfululizo, bila kukosea, huku ananong'ona. Nikasikiliza. Alikuwa anataja ng'ombe. C alikuwa yule mwekundu mkubwa anayetangulia. F alikuwa mwenye mabaka. G ni dume linalotaka kupigana, na A ndogo ni yule aliyefiwa na ndama. Wanatoka zizini, wanakwenda majini, wanarudi. Alikuwa hajifunzi muziki, alikuwa anachunga. Na ile C ya kuning'inia, nikamuuliza, huyo je? Akatabasamu. "Huyo ni jike mkaidi. Wenzake wote wameingia zizini, yeye amesimama langoni anatazama huku na huku. Ukimpiga haingii. Ukimngoja, anaingia mwenyewe."

Tangu hapo sikumfundisha tena. Nilikaa tu nikinywa chai na kumhesabia mapigo.

Siku ya mazoezi ya mwisho pale Pito nilikwenda naye, maana kinanda kilihitaji mtu wa kukiunganisha, na kwa kweli nisingekosa hata kwa dawa. Kwaya imejipanga, makoti yamefungwa mpaka shingoni. Gaudensia yuko kwenye sauti ya pili, ameangalia chini. Mwalimu Oswald alipomwona Shija anakaa kwenye kinanda, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeandaa togwa la kumliwaza mgeni.

"Umeleta?" akamuuliza.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeleta."

"Marahaba. Haya."

Akapuliza kafilimbi. Kwaya ikaanza, na Shija akaanza. Mwanzoni Mwalimu alikuwa anaongoza huku anamtazama kwa pembe ya jicho. Ubeti wa kwanza ulipopita, akaacha kumtazama. Wa pili, mabega yakalegea. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa spika kama ndio unaozuia kanisa lisianguke. Mstari wa mwisho ukaja, kwaya ikatua salama, na kinanda kikabaki kimening'inia na ile Fa yake.

Mwalimu akanyoosha mkono. Nikasema moyoni, kwisha habari yetu.

"Hapo mwisho," akasema. "Nani amekuambia uweke hiyo?"

Shija akasimama, kofia mkononi. Nilimkonyeza aseme ni kompyuta, aseme ni mimi, aseme chochote. Lakini mtu akiogopa husema kile anachokijua. "Mwalimu," akasema, "huyo ni yule jike mkaidi. Wenzake wote wameingia zizini, yeye amesimama langoni. Ukimpiga haingii."

Watu wa besi wakaguna. Gaudensia akafunika uso kwa mikono miwili. Mwalimu Oswald akamtazama kijana yule kwa muda mrefu, midomo inacheza, na mimi sikujua kama atalia au atamfukuza. Kumbe alikuwa anafanya yote mawili na hakuna lililoshinda. Akatoa leso, akapangusa miwani, akasahau kuivaa.

"Miaka yote ya ndoa yetu nilimrekebisha," akasema kwa sauti ya chini. "Kila Jumapili. Nikamwandikia, nikamgombeza mbele za watu. Ananiambia, nimesikia mume wangu, halafu anaimba vile vile. Mimi nimeandika Mi, yeye Fa, mpaka anakufa." Akaikunja leso. "Niliisahau sauti yake. Nimeitafuta kichwani, haiji. Na kanda ile yenye sauti yake sina moyo wa kuicheza."

Hakuna aliyekohoa, na mnajua kwaya zetu kwa kukohoa. Mwalimu akavaa miwani, ikakaa upande, akaivua, akaivaa tena. Akamgeukia Shija.

"Kaa. Anzia mstari wa mwisho. Na usimsahihishe."

Kisha akaigeukia kwaya, akainua mkono. "Sauti ya pili, nyanyueni vichwa," akasema. "Mkwe wangu anarudia."